Maneno Yaliyoandikwa Mara Tatu

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini, mke wangu Evelina alinikalisha mlangoni uso ukielekea jua, akaning'oa kope. Alikuwa na kibano kidogo cha chuma, cha aina ile ambayo kina mama wa kwetu Mlali huifunga uzi na kuivaa shingoni. Kope zangu zilikuwa zimegeukia ndani. Zilinikwaruza kila nilipopepesa, na mtu hupepesa mara nyingi kuliko anavyodhani. Ugonjwa wenyewe ni vikope, na kwetu si mgeni. Ulimchukua mama yangu macho yote mawili. Alipelekwa hospitali akiwa amechelewa, akarudi na kope zilizonyooka vizuri kabisa na mboni nyeupe.

"Nenda ukapasuliwe, baba Fredy," Evelina alikuwa akiniambia. "Wanasema ni kazi ya nusu saa."

"Na baada ya nusu saa wananifunga bandeji wiki nzima. Kazini watauliza bandeji ya nini."

Nilikuwa naogopa, nalisema wazi. Kisu nilikiogopa, lakini si sana. Nilichokiogopa hasa ni watu kujua kwamba msahihishaji wao haoni.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Miaka ishirini na miwili nilisahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, katika kiwanda kimoja cha chapa pale Dodoma mjini. Nimesahihisha vitabu vya shule, sheria ndogo za mabaraza, nyimbo za kanisani na kadi za harusi za watu ambao sasa wana wajukuu. Nilikuwa mkali, na sijutii. Kijana akiniletea ukurasa una makosa matatu nilimrudishia bila kumwangalia usoni. Leo nikikumbuka, naona nilikuwa nawaonea, lakini prufu zilitoka safi.

Mwaka ule wa tisini na nne kiwanda kilikuwa kinaandaliwa kuuzwa. Kila kitu kilikuwa ruksa siku hizo, na kumpunguza mtu kazi ilikuwa ruksa pia. Tulikuwa watu kumi na tisa. Meneja wetu, Charles, kijana msomi mwenye tai, alituita uani akatuambia mwekezaji anataka watu kumi na wawili tu, na kwamba barua zitatoka mwisho wa Agosti. "Kazi ya mtu itajieleza yenyewe," alisema. Kesho yake hata wale waliozoea kufika saa tatu wakaanza kufika saa moja kasoro.

Sasa nieleze tulivyokuwa tunafanya, maana jambo zima liko hapo. Prufu husomwa na watu wawili. Mmoja anashika mswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti, kila kitu, mpaka alama: mkato, nukta, aya mpya. Mwingine anaifuata prufu kwa rula na kalamu nyekundu, na akimaliza ukurasa anaweka herufi za jina lake chini. Mwenye kalamu ndiye msahihishaji. Mwenzangu alikuwa Brightness, binti aliyemaliza kidato cha nne Mpwapwa, mpole, mwenye sauti nzuri ya kusoma.

Tangu Februari nilikuwa nimegeuza utaratibu. Nilimwambia, "Wewe sasa utashika prufu na kalamu na kuisoma kwa sauti, mimi nifuate kwenye mswada, ili ujifunze kazi." Alinishukuru kwa dhati. Kumbe kwangu karatasi zilikuwa zimebaki mistari ya kijivu tu, kama ukuta uliopakwa majivu. Yeye alisoma prufu kwa sauti, mimi nikateremsha rula juu ya mswada ambao siuoni, nikisikiliza. Nikihisi amesoma kiasi cha ukurasa, nageuza karatasi. Kosa nililikamata kwa sikio. Mtu aliyesahihisha miaka ishirini na miwili anajua sentensi inapokwama hata akiwa amefumba macho.

Na mambo yakaenda. Mwezi Juni tulipata kijitabu cha josho la ng'ombe, na ile kompyuta yetu mpya ikarudia aya nzima, kwa sababu mpangaji wa kurasa alibonyeza mahali mara mbili. Mimi ndiye niliyekamata. Charles akanisifu mbele ya watu wote: "Mzee Yotham ana macho ya mwewe!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

Mwanzoni mwa Agosti akaja mwalimu Shaaban. Alikuwa mstaafu kutoka Kondoa, Mrangi, Mwislamu wa kofia na tasbihi. Ujanani aliwahi kupelekwa kusoma kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi ni Sri Lanka, na watu waliomfundisha kule walikuwa Wabudha. Sasa jamaa zao walioko Dar es Salaam walikuwa wamemwomba awatafsirie andiko moja la dini yao kwa Kiswahili, kitabu chembamba. Alimaliza kazi yake kwa miaka miwili, akauleta mswada ndani ya mfuko wa plastiki, ameukumbatia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Naambiwa wewe ndiye mwenye macho hapa."

Nilicheka. Sijui nilicheka cheko gani.

Brightness alipoona kichwa cha kitabu akasita. "Mzee, kusoma maneno ya dini ya watu si dhambi?"

"Dhambi ni kuruka mkato," nikamwambia. "Anza."

Akaanza. Andiko lilikuwa linamhusu mwanafunzi mmoja aliyekwenda kwa Budha akamwuliza: katika vyote nilivyo navyo, kipi ni changu? Akaambiwa aanze na jicho. Mwanafunzi akasema, na Brightness akasoma kwa sauti yake ile safi, bila kujua, kama nilivyodhani, anamsomea nani:

"Jicho hili si langu, nukta. Nililikuta likitazama, mkato, nitaliacha limefumba, nukta. Leo sikuliamuru lione, mkato, na kesho sitaweza kuliamuru, nukta. Aya mpya."

Nilikasirika. Nilisema moyoni: ushenzi gani huu! Si langu vipi? Kama si langu, ni la nani linaloniuma kila alfajiri? Nimelipeleka kazini miaka yote, limenilishia watoto wanne, halafu mtu aliyekaa chini ya mti huko Asia ananiambia si langu. Niliwaona watu hao hawana shughuli.

Brightness akaendelea. "Jicho hili si langu, nukta. Nililikuta likitazama, mkato..."

Maneno yale yale, neno kwa neno. Jasho likanitoka mgongoni. Wazo la kwanza lililonijia, na naona aibu kulisema, ni kwamba binti huyu ananipima. Ameshajua. Anarudia makusudi aone kama rula yangu itasimama au itaendelea kushuka. Labda Charles ndiye aliyemtuma. Nikaisimamisha rula. Halafu nikafikiri, na kama mswada nao unarudia? Nikaiteremsha kidogo. Nikaisimamisha tena.

Akasoma mara ya tatu. Nje upepo ulikuwa unavuma, ule wa Agosti unaobeba mchanga, na mabati yalikuwa yanagonga. Nilitaka anyamaze. Sikutaka tena kusikia habari za jicho kwa sauti ya mtoto wa watu, saa nne asubuhi, huku barua za kupunguzwa zikipigwa chapa chumba cha pili.

"Futa," nikasema.

"Nifute ipi, mzee?"

"Ya pili na ya tatu. Kompyuta imerudia tena, kama kwenye josho."

Akauliza, taratibu kabisa: "Kule kwenye mswada iko mara ngapi?"

Nikainamia ile karatasi. Niliisogeza karibu, nikaisogeza mbali, kama mtu anayetafakari. Kijivu. Ningeweza kumwambia aje aangalie mwenyewe. Neno fupi tu, "njoo uone," na kila kitu kingekuwa kingine. Lakini angeona ukurasa niliokuwa nimeufungua, na pengine haukuwa hata huo anaousoma.

"Mara moja," nikasema.

Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Alichora mistari miwili mirefu.

Baada ya jicho likaja sikio, nalo mara tatu. Tukafuta. Pua, ulimi, mwili, na mwisho akili yenyewe, vyote mara tatu, na vyote nikavifuta, maana aliyefuta la kwanza hana namna ya kuliacha la pili. Lilipofika sikio nilianza kuwa na mashaka. Lilipofika ulimi nilijua. Kompyuta haikosei kwa utaratibu namna ile. Lakini kurudi nyuma kulihitaji kusema kwa nini nilikosea, na mimi niliendelea kusema "futa, futa" kwa sauti ya ukali, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani.

Jioni nilitembea mpaka nyumbani Mkonze nikikokota baiskeli. Nilikuwa nimeacha kuipanda tangu Mei. Watu niliwaambia tairi limeisha. Njiani niliwaza kwamba kesho nichukue mswada niupeleke nyumbani, Evelina aniangalizie. Kesho ikafika, sikuuchukua. Kesho kutwa vilevile. Sikutaka kuambiwa. Jumapili kanisani nilishika kitabu cha nyimbo nikaimba kwa kichwa, na kila nilipofumbua macho nikasikia sauti ya Brightness: sikuliamuru lione.

Kitabu kikachapwa, nakala mia tano, kikapigwa pini na kukatwa.

Mwalimu Shaaban alifika siku ya Jumatano kuchukua kitabu chake. Alikishika, akakipimapima mkononi kama mtu anayenunua samaki, akakaa kwenye benchi la ofisini kwetu akaanza kusoma. Brightness alikuwa ametoka kwenda stoo. Nilibaki mimi na yeye. Nilisikia karatasi zikigeuzwa haraka, kisha polepole, kisha zikaacha.

"Msahihishaji," akasema. "Mengine yako wapi?"

"Mengine yapi, mwalimu?"

"Kila kitu mwanafunzi anakisema mara tatu. Hapa anasema mara moja tu."

"Tulidhani mashine imerudia."

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alivua miwani, nikasikia anaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Unajua, hata mimi niliwauliza kule Ceylon," akasema. "Kwa nini mara tatu, mtu si kiziwi? Mzee mmoja wa kule akanijibu: mara ya kwanza unabisha."

"Na ya pili?"

"Ya pili unaogopa."

Nikangoja. "Na ya tatu?"

"Ya tatu sijui bwana. Mimi nilitafsiri tu." Akainuka. "Lakini mimi sina haki ya kumwondolea mtu maneno yake. Nimwone meneja wako."

Charles akatoa prufu kutoka kwenye kabati akatuita mimi na Brightness. Alizimwaga mezani, na hata mimi niliona wekundu ule ukiwa umetapakaa kwenye kijivu. Kila ukurasa ulikuwa na mistari mirefu ya kufuta, na chini, nilijua bila kuona, kila ukurasa ulikuwa na herufi za jina moja. Zilikuwa za Brightness. Zangu hazikuwapo popote, kwenye prufu yoyote tangu Februari.

"Hii ni hasara ya kitabu kizima," Charles akasema. "Nani alisema ifutwe?"

Nilimsikia Brightness akivuta pumzi. "Niliambiwa na mzee."

"Mzee Yotham?"

Mpaka leo naweza kukueleza mahali kila kitu kilipokuwa chumbani mle. Feni ilikuwa inazunguka. Mwalimu Shaaban alikuwa amesimama karibu na dirisha. Mimi nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na nilimwona mama yangu, nilimwona wazi kuliko nilivyomwona Charles, ameketi kwenye ngozi ya ng'ombe pale Mlali, akigeuza uso kila anaposikia hatua, akiuliza ni nani. Nikafungua mdomo na maneno yakatoka yenyewe, laini, kana kwamba nilikuwa nimeyafanyia mazoezi.

"Nilimwambia asome tena. Labda hakunielewa."

"Mzee," Brightness akasema. "Sema basi."

"Aseme nini?" Charles akauliza.

Nikamngoja Brightness aseme, niliomba aseme, ili lisiwe langu. Angeweza. Sentensi moja tu ingetosha, na Charles angenipa ile karatasi nisome, na yote yangeishia palepale.

"Basi," akasema Brightness. "Hakuna."

Mwalimu Shaaban alikohoa kidogo, akageukia dirishani. Nadhani yeye alijua. Nadhani alijua tangu kwenye benchi.

Barua ya Brightness ilitoka Ijumaa. Zilitoka saba, kama ilivyotangazwa, lakini mbele ya macho yangu ilikuwa moja. Saa tisa na nusu alikuja kuchukua kanga na kikombe chake. Mimi nilijifanya nasoma. Alizunguka meza, akapangapanga karatasi, kazi yake ya kila siku kabla ya kuondoka, na nikadhani ataondoka hivyohivyo bila kuniaga. Akasimama nyuma ya kiti changu.

"Nimekuwekea sheria ndogo za soko za Jumatatu," akasema. "Prufu iko kulia. Mswada uko kushoto, nimeubana kwa klipu, wewe utaisikia kwa kidole. Usije ukachanganya."

Sikuweza kugeuka.

"Tangu lini, Brightness?"

"Tangu Machi, mzee. Ulikuwa unageuza kurasa wakati mimi bado niko katikati. Nilikuwa nabaki jioni ninalinganisha mwenyewe. Hiki cha mwalimu sikukilinganisha. Wewe ulisema kwa uhakika sana."

Akasema shikamoo, kama anavyosema asubuhi, ingawa ilikuwa alasiri na alikuwa anaondoka. Nikajibu marahaba. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake.

Jumatatu Evelina aling'oa kope tatu. Nilifika kazini saa moja kasoro. Kiwanda kilikuwa kimya, mashine mbili zimefunikwa turubai. Niliketi. Nikapapasa kushoto, nikaikuta klipu. Nikapapasa kulia, nikaikuta prufu, na kalamu nyekundu juu yake. Niliiinua ile karatasi mpaka ikanigusa pua. Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nikarudi nayo. Kulikuwa na kurasa ishirini na sita, nilizihesabu kwa kidole, na hakukuwa na sauti yoyote mle ndani isipokuwa ya upepo.

Charles akaingia kama saa nne, akiwa mchangamfu. Mzigo wa kupunguza watu ulikuwa umemtoka rohoni.

"Mzee, samahani, mtu wa kukusomea sina tena. Itabidi usome peke yako. Soko wanazitaka saa nane." Akaniwekea mkono begani. "Lakini wewe nakuamini. Ndiyo maana nilimwambia mwekezaji, huyu mzee hata mkisema nini, simtoi. Uko ukurasa wa ngapi?"

Ningependa kukuambia kwamba nilisema kwa ajili ya Brightness. Nimejaribu kuliweka hivyo, hata kanisani. Lakini nilisema kwa sababu karatasi ilikuwa mbele yangu na hakuna wa kuisoma.

"Charles," nikasema, "sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni. Sijaona tangu Februari. Yule binti alikuwa anaona yeye."

Mkono wake ulibaki begani kwangu muda, kisha nikausikia ukiondoka.